Likizo ya Miaka Arobaini na Sita

Kwa wale ambao wiki iliyopita mlifungia maandazi ukurasa wangu wa gazeti kabla ya kuusoma: mimi ndiye Rodney, mwenye cheti cha kidato cha nne cha divisheni ambayo tulikubaliana tusiitaje tena. Nimefukuzwa upagazi mlimani kwa kumwambia mtalii kwamba Kilimanjaro imefungwa hadi Jumatatu kwa ajili ya usafi. Mtalii aliamini. Kampuni haikucheka.

Nikarudi Uru kwa Babu Kalisti na Bibi Epifania, wazazi wa mama yangu walionilea, nikakate majani ya ng'ombe na kuficha aibu. Huko nikaukuta mguu wa babu. Sukari imempiga, kidonda kimeingia kisiginoni, na daktari wa mjini alisema maneno machache: alazwe kabla wiki haijaisha asafishwe kidonda, la sivyo akija baadaye ajiandae kurudi nyumbani na mguu mmoja.

Babu akajibu kwamba hawezi kulazwa. Hana ruhusa ya kulala nje.

Mwaka 1979, vita vya Kagera vilipokwisha, babu na wanamgambo wenzake waliletwa nyumbani kwa lori. Wakaambiwa wapumzike, mtu asilale nje ya kijiji chake, wasubiri barua za kuachiwa. Wenzake wakapata barua, wakazitundika ukutani, wakaendelea kuzaa. Ya babu haikuja. Kwa hiyo babu yuko likizo. Mama yangu alipoolewa Arusha, babu alimkabidhi kwa bwana harusi kanisani, akaondoka kabla ya pilau, na jua lilipozama alikuwa kwake Uru anakunywa uji. Hajawahi kwenda kuulizia barua yake. Askari haulizii, anasema, askari anaitwa.

Basi mimi nikamwita.

Steshenari moja ya Kiboriloni, mhuri uliochongwa kwa soli ya ndala, na sahihi ya Kamanda Mkuu wa Kanda ya Kuachisha Askari, cheo nilichokitunga mwenyewe na ambacho hadi leo nakiona kizuri kuliko vingi vilivyopo. Gidioni, mshikaji wangu mwenye bajaji, akavaa koti la marehemu baba yake na miwani ya jua, akamletea babu barua. Mliniacha pale babu amesimama kwa mguu wake mzima, anasoma.

Alisoma mara tatu. Alipomaliza akaipangusa kwa shati, maana Gidioni alikuwa ameshauri tuipige laminesheni ili isilowe.

Nilitegemea machozi. Nilikuwa nimejiandaa hata na bega. Babu akakaa, akanyoosha mguu wenye bandeji, akasema:

"Kipengele cha nne."

Hapa lazima nitubu. Barua ya kumwachia mtu ingeweza kuwa na mstari mmoja: umeachiwa, asante, nenda kalazwe. Lakini mstari mmoja unaonekana maskini. Nikaweka vipengele. Cha kwanza, ameachiwa. Cha pili, taifa linamshukuru. Cha tatu, anaruhusiwa kulala mahali popote ikiwemo hospitali, na hapo nilijipongeza kwa soda. Cha nne nilikosa cha kuandika, nikakumbuka fomu ya kumalizia shule, ile ambayo hupati cheti mpaka urudishe vitabu na fagio. Nikaandika: kabla ya kuanza kutumia ruhusa hii, mhusika akabidhi mali zote za jeshi alizonazo.

"Siendi hospitali kabla sijakabidhi," babu akasema.

Nikamuuliza mali gani, babu, miaka yote hii. Akaniangalia kama nimemwita mwizi. Akanituma chumbani kwake, chini ya kitanda, nitoe sanduku.

Wasomaji wangu, mali zilikuwepo. Blanketi la kijivu limekunjwa pembe nne. Kikombe cha bati. Mkanda uliopakwa mafuta. Na beleshi la kuchimbia handaki, ambalo kwa maelezo yake limebadilishwa mpini mara tatu na bati mara moja, lakini ni lilelile.

Bibi Epifania alikuwa mlangoni na bakuli la mtori. Nikamtangazia habari njema: bibi, babu ameachiwa jeshi. Nilitaka kuona vigelegele.

Bibi hakupiga kigelegele. Aliuliza barua imetoka wapi. Nikasema jeshini. Akauliza jeshini wapi. Nikasema mjini, bibi, si unaona mhuri. Akaweka bakuli juu ya kinu bila kuangalia, likapinduka, kuku wakafanya sherehe.

"Haiwezekani," akasema.

Jasho likanitoka sehemu ambazo sikujua zina vinyweleo. Nikajua ameshanishika. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na hatia, kwa nini haiwezekani.

"Kwa sababu imechelewa," akasema, akaingia ndani.

Baadaye alitoka na kanga mpya begani, akambembeleza babu aende hospitali kwanza. Vitu hivyo yeye mwenyewe atavipeleka mjini, hata kwa miguu, hata leo. Babu akamwambia mali ya serikali haikabidhiwi na mke. Bibi akasema basi Rodney atavipeleka. Babu akasema wala na mjukuu. Nikaona jinsi bibi anavyomjali mumewe, nikaguswa. Mjinga mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Hospitali walisema mapokezi ya kulazwa yanafungwa saa kumi jioni, na Jumatatu daktari mwenyewe alishasema itakuwa habari nyingine. Nikapiga hesabu ya haraka: saa tatu tunatoka, saa nne tunakabidhi beleshi kwa yeyote atakayekubali beleshi, saa sita babu yuko kitandani. Mpango mzuri. Mipango yangu yote huwa mizuri hadi ianze.

Nikamwita Gidioni aje na bajaji, bila koti.

Babu akamkagua kuanzia kandambili hadi kofia. "Si wewe uliyeleta barua?"

"Ni mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Tarishi wa jeshi anaendesha bajaji?"

"Mshahara hautoshi, babu."

Babu akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema enzi zao ilikuwa hivyohivyo, akapanda na beleshi lake.

Kuna ofisi moja mjini inayoshughulika na mambo ya mgambo. Sitaitaja, kwa sababu nina mpango wa kuendelea kuishi. Nilitarajia kukuta karani anayesinzia, apokee blanketi, apige mhuri wowote, twende zetu. Tukamkuta Kapteni Winfrida, mama wa makamo, mrefu, asiyesinzia.

Babu akasimama mlangoni. Akaweka fimbo chini. Mguu ule ambao nyumbani hauwezi kukanyaga zulia, akaupigisha sakafuni hadi nikasikia maumivu mimi.

"Mgambo Kalisti, afande. Nimekuja kukabidhi."

Mama yule angeweza kucheka. Mimi ningecheka. Alisimama, akaitikia saluti, akaondoa mafaili yake yote mezani ili blanketi lipate nafasi. Akavipokea kimoja kimoja. Alipofika kwenye beleshi akauliza kama linafanya kazi. Babu akasema limechimba mfereji wa kijiji kizima, afande, na makaburi mawili. Kapteni akaliegemeza ukutani taratibu, kama mtoto aliyelala.

Akaagiza mzee aletewe chai. Mimi akaniita dirishani, na barua mkononi.

"Jeshi haliweki laminesheni," akasema kwa sauti ya chini.

Nikasema ilikuwa kwa ajili ya mvua.

"Kamanda Mkuu wa Kanda ya Kuachisha Askari. Umempata wapi huyu?"

Nikamwambia sijui, afande, labda ni kitengo kipya. Akaninukulia kifungu cha sheria kuhusu kughushi nyaraka na idadi ya miaka yake. Miaka ilikuwa mingi. Nikaanza kueleza habari ya mguu, kisigino, daktari, ruhusa ya kulala nje, pilau la Arusha, mambo yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nadhani kuna mahali alikaribia kutabasamu, kisha akajizuia, maana ana cheo.

Akafungua droo, akaiweka barua ndani, akafunga.

"Nina rafiki pale mapokezi ya hospitali," akasema. "Saa kumi nitampigia. Akiniambia mzee amelazwa, mimi sijaona barua yoyote. Akiniambia hajalazwa, nimeiona. Umenielewa?"

Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote.

Kwa hiyo sasa mguu wa babu na uhuru wangu vilikuwa kwenye bandeji moja. Saa ilikuwa tano na robo. Nikasema twende babu, chai utakunywa wodini. Tungeondoka. Tulikuwa tumeshafika mlangoni. Lakini babu alitaka stakabadhi ya vitu alivyokabidhi, na Kapteni, kwa kuwa ni mtu anayefanya kazi yake, sijui nani alimfundisha tabia hiyo, akasema ili aiandike anahitaji namba yake ya mgambo. Karani akatumwa stoo. Alikaa huko hadi nikafikiri ameajiriwa kwingine. Akarudi saa nane na daftari la Uru la miaka ile, mchwa wameshalisoma nusu.

Wakafungua. Kapteni akapitisha kidole, akasimama. Akasoma tena. Akaniangalia mimi, kisha babu.

"Mzee Kalisti, wewe uliachiwa mwaka 1980. Mwezi wa kumi."

"Hapana, afande. Barua yangu ndiyo imekuja leo."

"Barua ilikuja, mzee. Ilipokelewa."

Akaligeuza daftari upande wa babu. Babu akatoa miwani mfukoni, akaivaa polepole. Mimi nikasoma kupitia begani kwake. Jina lake. Namba yake. Na kwenye nafasi ya mpokeaji: Epifania, mke, kwa niaba. Pembeni, kwa wino wa zambarau, dole gumba.

Yale maneno ya bibi mlangoni yakanirudia, kwamba imechelewa. Mimi nilidhani bibi amenishuku mimi. Kumbe mwenzangu alikuwa na kesi yake, kongwe kuliko mama yangu mdogo.

Babu alilitazama lile dole. Akavua miwani. Akachukua stakabadhi yake, akamshukuru afande, akaokota fimbo.

Nje, nikamwambia Gidioni hospitali, haraka. Babu akasema nyumbani. Nikasema babu, hospitali iko hapa chini, nyumbani ni mlimani, saa zinakwenda. Akasema nyumbani, kwa sauti ambayo Gidioni aliitii kabla mimi sijamaliza kubisha.

Tulipanda Uru. Tulipopita kanisani babu akaanza kuongea, bila kumtazama mtu.

Alikuwa na rafiki, Eliezeri, Mlutheri wa Machame. Handaki moja, blanketi moja, beleshi moja. Walikubaliana wakiachiwa watarudi Bukoba wafungue karakana ya baiskeli, kwa sababu kule walikuta watu wana baiskeli nyingi na mafundi hawana. Eliezeri alipata barua yake mapema. Akaja Uru kumfuata. Babu akamwambia bado sijaachiwa. Akaja tena baada ya miezi, babu akamwambia bado. Akaja mara ya tatu, akamcheka, akamwambia Kalisti wewe unaogopa mkeo. Walitoleana maneno. Hakuja tena. Alikwenda peke yake, karakana ikawa kubwa, akazikwa hukohuko. Babu hakwenda kuzika. Ingebidi alale nje.

Nikaona nichangamshe hali. Nikasema babu, ungekwenda Bukoba, mimi leo ningekuwa naongea Kiingereza hata usingizini.

Hakucheka. Bandeji ilikuwa imelowa.

Bibi hakuwa jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, karibu na mibuni, amevaa kitenge cha kanisani. Mtu aliyejiandaa kwa misa, au kwa polisi. Magotini kulikuwa na karatasi ya kahawia, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa matundu.

Babu akashuka bila kusaidiwa. Akasimama mbele yake.

"Epifania," akasema.

Tangu nizaliwe nimemsikia akimwita Mama Beatha. Sikujua kwamba hilo la Epifania analo mdomoni.

"Lini?"

"Siku uliyokwenda mferejini," bibi akasema. "Katekista aliileta. Sikujua kusoma, akanisomea. Nikaweka dole."

"Kwa nini?"

"Kahawa ilikuwa mtini, haijavunwa." Bibi alikuwa anaongea na ile karatasi. "Nikasema avune kwanza, nitampa. Ukavuna. Nikasema mtoto abatizwe. Akabatizwa. Nikasema Krismasi ipite. Ikapita. Baada ya hapo sikuwa naogopa tena uondoke. Nilikuwa naogopa utauliza barua ilikuwa wapi."

"Ungeniambia nisiende."

"Nilikwambia. Kila siku. Ulikuwa unaniitikia huku unachora baiskeli kwenye majivu." Akainua uso. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Baba Beatha. Mmoja mgongoni, mwingine tumboni. Ungefika Bukoba ungetuma salamu mara mbili, kisha ungenyamaza. Wangapi walifanya hivyo hapahapa kijijini? Tuwahesabu?"

Babu hakutaka kuhesabu.

"Nilipoingia kisomo cha watu wazima," bibi akaendelea, "kitu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe ni hii. Nikasema labda katekista alikosea. Hakukosea."

Mimi ni mtu ambaye msibani huwa naombwa nikae mbali na jeneza. Siku hiyo nilitafuta utani mfuko mzima, sikupata hata mmoja. Nikapata saa tu. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Nikasema, kwa heshima zote, kwamba haya ni mazungumzo muhimu ya ndoa na yanaweza kuendelea vizuri sana wodini. Hakuna aliyenisikia.

Bibi akasimama, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, pale yalipopandwa masale. Akakata jani moja, refu, bichi. Akalifunga fundo.

Msiokuwa wa huku, niwaeleze. Mchagga akikukosea kosa ambalo maneno hayalitoshi, anakuletea jani la sale. Akishakunyooshea, mambo yamekwisha, unapokea. Watu wamepokea sale kwa shamba lililoibwa. Watu wamepokea sale kwa damu ya ndugu. Nimeishi miaka ishirini na mitatu kwenye mlima huu, na ninajua watu wabaya wengi, baadhi ni wajomba zangu, ila sijawahi kusikia mtu aliyenyooshewa sale akalikataa.

Bibi akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, akamnyooshea babu kwa mikono miwili.

Babu akalitazama. Kisha akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifungia huko, kama kwenye gwaride.

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

"Ningeipata siku ile," akasema, "ningekwenda."

"Najua."

"Basi leo nimeachiwa. Mara mbili." Akageuka kwa Gidioni. "Kijana, washa. Nipeleke stendi."

Nikamuuliza stendi kufanya nini.

"Bukoba," babu akasema. "Nikaone kaburi la Eliezeri. Leo nalala nje."

Nikamwambia babu, Bukoba ni safari ya mchana na usiku, mguu huo hautafika hata Singida, na kama utafika utafika peke yake. Nikamweleza habari ya Kapteni na droo. Nikakiri yote, barua, mhuri, soli ya ndala, kamanda. Nilidhani atashtuka. Akasema alijua tangu aliposoma kipengele cha tatu, jeshi halijawahi kumruhusu mtu kulala mahali popote; ila alikuwa amechoka kusubiri, na barua ya uongo aliiona bora kuliko kukosa kabisa. Akapanda bajaji.

Kwa hiyo mjue, wasomaji wangu, mtu pekee aliyedanganywa na barua ile nzima ni mimi.

Bibi akainuka, akakung'uta magoti. Sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile. Akazunguka upande wa pili wa bajaji, akaingia.

"Shuka," babu akasema.

"Sishuki. Kama mguu unakwenda kuoza Bukoba, utaoza nikiwa nimekaa hapahapa. Rodney, ingia."

Nikaingia katikati, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Nikawa mpaka wa kihamba. Bibi akaniwekea jani la sale juu ya magoti, likielekea upande wa babu. Babu akageukia nje, akaangalia migomba ya watu.

Gidioni aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya mkuu wa mkoa. Nikampigia mama Arusha, hakupokea. Nikafikiria kuruka. Simu ikaonyesha saa tisa na nusu, halafu na dakika arobaini. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na kila mmoja wetu alijifanya ni barabara.

Tukafika njia panda. Kushoto unakwenda hospitali. Kulia unakwenda stendi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Gidioni akasimamisha bajaji katikati ya barabara, akageuka. Mimi hakuniuliza.

"Babu, tunakwenda wapi?"

Babu akachungulia nje. Akaangalia kulia. Akaangalia mguu wake. Nyuma yetu fuso lililojaa ndizi likapiga honi, na pikipiki mbili zikatupita zikitutukania wazazi.

"Sema, Baba Beatha," bibi akasema taratibu. "Popote utakaposema, mimi nashuka na wewe."

"Msinisukume," babu akasema. "Tangu vita viishe sijachagua njia. Mara ya mwisho kuchagua kitu mwenyewe, nilimchagua huyu."

Fuso likapiga honi tena, ndefu. Babu akatoa mkono mmoja nje ya bajaji, akaunyoosha kushoto, na Gidioni akatia gia.